Mashine Haijui Maandazi

"Hivi fundi, hii mashine inajuaje ni nani anaisemesha?"

Swali hilo niliulizwa na mama aliyekuwa akikaa kaunta kwenye duka moja kubwa la Chamazi, siku niliyokwenda kuwafungia mfumo wa mauzo. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, natafuta pa kupitishia waya. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya ndani sana." Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu na sikutaka ajue. Nilikuwa na shahada ya kompyuta, miezi minne kazini, na fulana yenye nembo ya kampuni.

Wanaonifahamu watashangaa kusikia kuna swali nililolipita hivyo. Mimi ndiye mtoto wa kike aliyemuuliza mwalimu wa dini maswali mpaka baba akaitwa shuleni. Chuoni nilibishana na wahadhiri hadi wenzangu wakawa wanaguna nikinyoosha mkono. Nyumbani, Kimara, mama yangu aliniita wakili wa upande wa pili, kwa kuwa hata akisema mvua inakuja nilimwomba ushahidi. Nilijivunia hilo. Nilidhani ukishakuwa mtu wa kuhoji, unahoji kila mahali.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo: mkurugenzi, karani wa mapokezi na mafundi watatu, juu ya saluni moja hukohuko Kimara. Tuliuza vifaa vya kaunta. Kompyuta, skana ya kusomea mistari ya bidhaa, printa ya risiti, droo. Watu hudhani vifaa hivyo vina akili, na sisi hatukuwakatalia, maana ndiyo biashara. Lakini droo haijui hata kama kompyuta ipo. Imeunganishwa na printa kwa waya mfupi unaofanana na ule wa simu ya mezani. Printa ikiagizwa inatuma mshtuko mdogo wa umeme, droo inafyatuka. Skana nayo inaidanganya kompyuta kwamba yenyewe ni kibodi. Ukiipitishia sabuni, inachapa tarakimu za sabuni ile moja baada ya nyingine, inabonyeza Enter, na kompyuta inaamini kuna mtu mwenye vidole vyepesi. Ndiyo maana ukiwa umefungua barua kwenye kompyuta hiyohiyo kisha ukaskani sabuni, namba za sabuni zinatokea katikati ya barua.

Hayo nilimweleza yule mama kwa mbwembwe, nilipoinuka na kujifuta vumbi. Akasikiliza vizuri kuliko nilivyostahili.

"Kwa hiyo ni mchapaji," akasema.

"Mchapaji, ndiyo."

"Na mchapaji anachapa alicholetewa. Hachagui."

"Hachagui, mama."

"Haya."

Alikuwa na umri wa miaka kama hamsini hivi, mtu wa Newala, mkazi wa Mbagala. Kaunta ile alikuwa ameikalia miaka tisa bila kompyuta, bei zote ziko kichwani, hadi za vibiriti. Bosi wake, mtu wa bara, mpole ila mwenye haraka, alileta mfumo kwa sababu duka la jirani lilikuwa nao.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote katika kazi ile ni jinsi skana inavyopangwa. Hufungui programu yoyote, huweki nenosiri. Inapangwa kwa karatasi. Inakuja na kijitabu chenye mistari kama ile ya bidhaa, ila kila fungu la mistari ni amri. Ukiisomesha hii inanyamaza isilie tena. Ukiisomesha hii inaacha kubonyeza Enter. Hii inairudisha ilivyotoka kiwandani. Kuna ukurasa mzima wa lugha za kibodi, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na nyinginezo, kwa sababu vibodi vya nchi mbalimbali havikupangwa sawa, na skana lazima iambiwe inajifanya kibodi cha wapi. Ofisini tulikuwa na kijitabu kimoja, kwa hiyo tulikitoa kopi, kila fundi akatembea na zake.

Kwa bidhaa zisizo na mistari tulikuwa na desturi yetu. Duka lile liliuza maandazi asubuhi, mayai ya kuhesabu, unga na mchele wa kupima, dagaa. Tulitengeneza karatasi moja yenye majina hayo, kila jina na mistari yake tuliyoibuni wenyewe, tukaipeleka stesheneri ilaminetiwe kwa plastiki, ikakaa kaunta. Muuzaji anasomesha mistari ya maandazi, anaandika idadi, basi. Sasa, ofisini kwetu karatasi mpya ilikuwa ya mikataba na barua tu. Mengine yote yalichapwa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, na mkurugenzi alipenda kupita kwenye printa kuhakikisha. Nilichukua karatasi kwenye rundo la zilizotumika, nikachapa orodha ya Chamazi, nikailamineti. Nyuma yake sikutazama.

Skana niliifunga kwenye shingo ya chuma, jicho likitazama chini mezani, iwe inasoma yenyewe chochote kinachopita. Nilidhani namrahisishia mama kazi.

Wiki ya pili bosi akapiga simu. Nilifika Chamazi mchana, maana kutoka Kimara ni safari. Kwenye skrini, kila alipopitisha bidhaa, badala ya namba zilitoka alama: mshangao, nyota, alama ya asilimia, kisha mfumo ukalia kwamba bidhaa haipo.

"Fundi, mashine inatukana wateja," bosi akasema.

Mteja mmoja aliyekuwa amekumbatia mafuta ya kula akadakia, "Mama, leo imeamkia Kichina?"

"Imeamkia kwenu," mama akamjibu, na foleni ikacheka. Kisha akanigeukia. "Shikamoo haijafika, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mie sijagusa kitu. Asubuhi nimeikuta nzima. Kufika saa mbili ikaanza."

Niliisomesha skana ile amri ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani, nikazima kompyuta, nikaiwasha. Ikafanya kazi. Mtoto wa kidato cha pili anayefanya jaribio la kemia anajua kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo huwezi kujua kipi kimeponya. Mimi nilibadilisha viwili, nikachagua sababu niliyoipenda.

"Mama, kuna vitufe viwili hapa kwenye kibodi," nikamwonyesha. "Ukivibonyeza pamoja, lugha inabadilika. Ndicho kilichotokea."

"Sijavigusa."

"Bila kujua, mama. Wengi wanafanya bila kujua."

Nililisema kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma. Mtu ukimwambia amedanganya, atajitetea. Ukimwambia amekosea bila kujua, atajitetea na nini?

Ikaharibika tena wiki iliyofuata. Nikaja, nikasomesha ile amri, nikazima, nikawasha. Nikabandika utepe juu ya vile vitufe viwili. Alinisindikiza hadi mlangoni siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bosi kasema ikirudia tena anatafuta kijana aliyesomea," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mie hapa ndipo ninapokula, mwanangu. Wewe ndiwe anayekusikiliza. Mwambie basi hata maneno mawili, kwamba huna hakika kama ni mimi."

Nikamwambia nitaangalia. Nikaondoka bila kumwambia bosi hata neno moja.

Mara ya tatu nilimkuta na daftari la shule, lenye mashua kwenye jalada. Alikuwa ameandika siku na saa. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa, umeinama kushoto.

"Jumatatu, saa mbili na robo," akasoma, mbele ya bosi na wateja wawili. "Jumanne, saa mbili kasoro. Zote mbili mchana ikapona yenyewe. Jumatano na Alhamisi haikuharibika. Ijumaa, saa mbili. Sasa angalia hapa. Jumatano na Alhamisi mwenye maandazi aliuguliwa, hakuleta. Siku hizo mbili mashine nzima. Kaleta Ijumaa, mashine ikaharibika."

Nimesoma utafiti wa watu wenye vyeo ambao haukuwa na mpangilio kama ule. Alikuwa na siku zilizoharibika na, muhimu zaidi, siku ambazo hazikuharibika, na tofauti moja kati yake. Lakini mimi nilikuwa nikisubiri atamke jini, au kijicho, au mkono wa mtu, ili nipate cha kukanusha. Hakutamka lolote kati ya hayo. Nikamjibu kana kwamba ametamka.

"Mama, mashine haijui maandazi."

Watu wakacheka. Bosi alicheka mpaka akaegemea friji. Hata mama alitabasamu kidogo, kwa adabu, akafunga daftari lake.

"Mie nimesema nilichoona," akasema.

Bosi akaniita pembeni, penye magunia ya mchele. "Fundi, mimi si msomi. Niambie ukweli. Ni mashine au ni mtu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi maishani, kuhusu Mungu, kuhusu siasa, kuhusu wanaume walionitaka. Pale penye magunia hayakunijia.

"Mashine nimeikagua mara tatu, bosi. Iko sawa."

"Kwa hiyo ni mtu."

"Ni mtu."

Jumamosi hiyo alimwambia mama akapumzike. Niliambiwa kwa simu, kama habari njema: wamepata binti aliyemaliza kidato cha nne, anajua kompyuta.

Wiki tatu baadaye simu ikaja tena. Mashine inatukana. Nilimwambia mkurugenzi kwamba yule binti naye hajafunzwa vizuri, akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Usiku huo nililala kwa mama mdogo Mbagala kwa mambo mengine kabisa, nikaamua nipitie Chamazi asubuhi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika dukani kabla ya saa mbili.

Mwenye maandazi akaingia na ndoo yake iliyofunikwa kanga. Akaja mteja akataka matano. Binti akachukua ile karatasi, akaisomesha mistari ya maandazi, akaandika tano. Kisha akaigeuza, akailaza kifudifudi mezani, chini kabisa ya jicho la skana. Skana ikalia: tii.

"Huwa inalia hivyo?" nikauliza.

"Huwa inalia, dada. Mie nikajua inashukuru."

"Na kwa nini unaigeuza karatasi?"

"Mama aliyekuwepo ndiye alinionyesha, siku anakabidhi. Mafuta ya maandazi yanachafua mistari, ukiilaza hivi haichafuki. Maandazi yakiisha naiweka chini ya meza."

Mteja wa pili akaleta dawa ya meno. Skrini ikatoa nyota na alama ya asilimia.

Nilichukua karatasi mkononi. Nyuma yake, safi, inang'aa ndani ya plastiki, kulikuwa na ukurasa wa lugha za kibodi kutoka kwenye kopi zangu mwenyewe. Skana ilikuwa imesoma Kifaransa. Katika kibodi cha Kifaransa namba zinapatikana kwa kushikilia kitufe kingine, kwa hiyo skana ilikuwa ikishikilia, na kompyuta yetu isiyojua habari hizo ikachapa alama badala ya namba. Siku nyingine huenda ilisoma Kijerumani, na kwa Kijerumani namba hazibadiliki, duka likauza kutwa nzima bila mtu kujua; au ilisoma hivyo karatasi ilipokuwa ikiondolewa, ikapona yenyewe. Kila asubuhi yule mama, kwa usafi wake, alikuwa akiiwekea mashine amri zangu mbele ya jicho, na mashine ikazitii.

Nimewahi kujiambia kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kazi, kwa kuwa nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Si kweli. Mkurugenzi angenikaripia siku mbili, basi. Niliogopa uso wa bosi wa duka. Niliogopa sekunde ile ambayo angekumbuka magunia ya mchele na kile nilichomwambia pale. Nikaiingiza karatasi kwenye mkoba. Nikachapa nyingine, upande mmoja, kwa karatasi mpya niliyoinunua kwa hela yangu stesheneri. Nikaisomesha skana amri ya kurudi kiwandani, safari hii bila kugusa kompyuta, ikapona mara moja.

"Nimebadilisha programu, bosi. Haitarudia."

"Fundi wewe ni kiboko," akasema, akanifungulia soda. Niliinywa yote. Ilikuwa ya baridi na nilikuwa na kiu.

Haikurudia. Kampuni iliandika barua ya kunithibitisha kazini, na katika barua hiyo duka la Chamazi lilitajwa kama mteja aliyeridhika.

Nilikutana naye mwezi wa pili au wa tatu baada ya hapo, Mbagala, karibu na sokoni. Alikuwa anakaanga mihogo kwenye karai kubwa, kibandani kwa mdogo wake, wateja wamemzunguka wakisubiri kachumbari. Nilikuwa nimeshampita. Yeye ndiye aliyeniita.

"Fundi. Unapita kama hujaniona."

"Shikamoo mama. Sikukuona."

"Marahaba. Umenenepa, kazi inakupenda. Kaa, ule muhogo."

Nilikaa kwenye benchi. Mdogo wake akauliza mimi nani, akajibiwa, "Huyu ndiye msomi wa zile mashine." Hakukuwa na kejeli ndani yake, nimelisikiliza tena na tena kichwani na sijaipata. Alinipa vipande vitatu vya muhogo na pilipili, akakataa malipo. Akageuza mihogo mingine kwenye mafuta. Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye karai:

"Ile mashine ilipona?"

"Ilipona, mama."

"Ilikuwa nini?"

Alisubiri. Nakumbuka alikuwa ameshika kijiko kirefu cha matundu, kinachuruza mafuta, na hakukitua. Mteja mmoja akasema, mama mbona unaunguza, naye akamwambia subiri.

"Ilikuwa programu tu," nikasema. "Tuliibadilisha."

"Ahaa. Programu."

"Ndiyo."

"Basi, Mungu ni mwema," akasema, akaendelea kuopoa mihogo. Akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema kusoma sana kunachelewesha, na wateja wakacheka, nami nikacheka nao. Niliondoka nikijiambia kwamba nimemwokoa na uchungu. Ukishajua umefukuzwa kwa kosa la mwingine, inakusaidia nini? Nilijenga hoja nzuri kabisa njia nzima. Nimezoea kuzijenga.

Mwaka uliopita kampuni ilihama ofisi, na mimi, ambaye sasa ndiye msimamizi wa mafundi, nikapewa kazi ya kupitia madaftari ya zamani ya mapokezi kabla hayajatupwa. Zamani karani aliandika humo kila simu ya mteja: siku, duka, tatizo. Safu ya mwisho ilikuwa ya fundi, na kila Ijumaa kabla ya kutoka tuliijaza kwa mfululizo, sahihi na neno moja, mstari baada ya mstari, tukiwa tumeshabeba mikoba. Nilikuta ukurasa wa wiki ile. Siku tatu baada ya mama kuondolewa, na wiki karibu tatu kabla ya mimi kuigeuza ile karatasi, karani alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Chamazi. Mama aliyekuwa kaunta, anapiga kwa simu yake. Anasema amekumbuka akiwa nyumbani kwamba karatasi ya maandazi ina mistari nyuma, na mashine inaisoma ikilazwa. Anaomba fundi amwambie bosi." Mbele yake, kwenye safu ya mwisho, kuna sahihi yangu na neno "Imeshughulikiwa".